Waliokuwa Nje ya Shiraa

Niliwashuku tangu siku ya kwanza kwa sababu walivua viatu. Walikuja mlangoni kwangu kundi zima, watu wa bara na mabegi yao ya mgongoni, na kabla sijasema karibu walikuwa wameshainama na kuvipanga viatu vyao ukutani. Mgeni wa bara huingia na viatu mpaka umwambie, na ukimwambia hucheka na kuomba radhi, basi mazungumzo huanza vizuri. Hawa walikuwa wamefunzwa. Nikajiuliza ni nani katika mji huu aliyewafunza, na alipomaliza hilo la viatu, aliwafunza na lipi jingine.

Wakaketi mkekani, wakanywa kahawa. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu aliyenyoa kichwa, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee ili umsikie. Hilo nalo silipendi, maana mtu asemaye chini hukufanya wewe uonekane ndiye mpiga kelele. Aliniita Mama, ingawa tulikuwa karibu rika moja. Alieleza kwamba wao ni kikundi cha maonyesho, lakini si maonyesho ya kuigiza. Hawasemi, hawaimbi, hawachezi ngoma. Wanavaa nguo na kutembea polepole, wanasimama, wanatembea tena. Nikamwuliza hapo mchezo uko wapi. Akasema nguo ndizo zinazocheza. Nilimtazama vizuri nione kama ananifanyia mzaha, nikaona hanifanyii, na hilo likanitia wasiwasi zaidi.

Mtaani Mkomani, hapa kwetu Amu, mji ambao watu wa bara huuita Lamu, kuna nyumba kongwe iliyokarabatiwa ikafanywa makumbusho madogo, na wao walikuwa wamepewa ukumbi wake wa chini. Nguo zingesimamishwa ukumbini watu wazitazame, na siku ya ufunguzi wangezivaa na kutembea nazo. Walitaka mavazi yanayotokana na ya wanawake wa Amu wa zamani, lakini hawakutaka nakala. Walitaka nibuni. Neno hilo ndilo lililonikamata. Miaka yote nimekuwa fundi wa kuonyeshwa: mtu huja na picha kwenye simu, mkono uwe huu, shingo iwe hii, nami hukata. Hakuna aliyewahi kunikalisha akaniuliza mimi ninaona nini. Nilikubali kahawa haijapoa, kisha nikaanza kujiuliza kwa nini nimekubali upesi hivyo.

Nguo waliyoitaka kuliko zote ilikuwa shiraa. Zamani, kabla buibui halijafika kwetu, mwanamke wa nyumba kubwa akitaka kutoka alitembea ndani ya pazia la kitambaa lililoshikwa juu kwa fito, likamzunguka pande zote. Mtu njiani aliona kitambaa kinapita, aliye ndani hakumwona. Hiyo ndiyo shiraa. Na fito hazijishiki zenyewe. Zilishikwa na vijakazi, yaani wanawake watumwa wa nyumba ile. Kila mtu Amu analijua hilo, na hakuna anayelisema mbele ya wageni.

Yule kiongozi alilisema akiwa bado ameshika kikombe changu. Aliuliza, hao washika fito walivaa nini? Nikamjibu sijui. Hakusisitiza. Aliitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu ambaye ana subira kwa sababu ana pengine pa kuuliza, na walipoondoka nilibaki na fikra moja tu, kwamba huyu ameambiwa.

Alichoambiwa, kama aliambiwa, ni hiki. Bibi wa mama yangu, yule aliyemlea, alikuwa mmoja wa washika fito hao. Alikuwa msichana mdogo utumwa ulipokuwa ukielekea mwisho, akaachwa huru, akaolewa, akazaa, akazeeka katika chumba cha nyuma, na mama yangu alikulia mapajani mwake. Sisi husema asili yetu ni Siyu. Ukisema Siyu watu hawaulizi zaidi. Ni mbali ya kutosha, na wazee wa kule ambao wangeulizwa wamekwisha. Mimi sikuwahi kukalishwa chini nikaambiwa ukweli. Niliupata nikiwa msichana, siku mwanamke mmoja alipomtupia mama neno wakigombania zamu kwenye bomba la maji, na mama, ambaye hashindwi kwa maneno, akaichukua ndoo yake tupu akarudi nyumbani. Neno lile halikutajwa tena kwetu.

Na mwaka huo, kati ya miaka yote, binti yangu alikuwa ameposwa. Yeye ni mwalimu Faza, na huja nyumbani kwa boti mwisho wa wiki. Aliyemposa ni kijana wa nyumba yenye jina, na kwao ndoa hutazamwa kufu, kwamba mume na mke walingane kwa asili. Posa ilikuwa imeitikiwa. Mamake kijana alikuwa akija kwangu na vitambaa tuchague pamoja, akiketi, akinywa chai, akiniita ndugu yangu. Kila alipoondoka nilibaki nikiyapitia maneno yake nione kama kuna lililofichwa ndani. Nilitaka ndoa ile. Binti yangu alimpenda yule kijana, nami nilimpenda kwa kuwa yeye alimpenda. Na niseme kweli, niliutaka pia mlango wao, ule wa nakshi, na watu wanaokaa barazani pake kunisimamia nikipita.

Kwa hiyo nilibuni kwa hila. Washika fito niliwashonea magauni ya kanga mpya, zambarau na manjano, mikono mipana, na ushungi wa kufunika uso mpaka machoni. Nilijiambia huo ndio ubunifu, si wenyewe hawataki nakala? Lakini nilijua ninachofanya. Nilikuwa nikiwavisha vijakazi nguo za harusi ili mtu asiwatambue. Shiraa yenyewe niliikata kwa marekani, kitambaa kile kizito cha pamba, nikaitia tarizi nyeusi kwenye pindo. Mifuko ya kupenyezea fito niliishona kwa ndani, nikipiga bandi, ule mshono wa kushikiza, kwanza kwa mkono kisha cherehani.

Kiongozi alikuja kila asubuhi kutazama. Simu yake ilikuwa mkononi muda wote, na sikuweza kujua lini inatazama na lini imelala. Alipomaliza kwangu alikaa na mama yangu, ambaye hushinda kwenye kitanda cha kamba uwanjani, katikati ya nyumba, kwa sababu vyumbani kuna joto. Nilikuwa nikienda dukani kutafuta uzi, na nikirudi ninawakuta wamenyamaza. Mwanamke wa umri wa mama yangu, nyumbani mwake mwenyewe, ananyamaza mimi nikiingia. Nilimwuliza walikuwa wakizungumza nini. Akasema mapishi. Mama hajashika mwiko tangu magoti yalipoanza kumsumbua.

Nilianza kurudi kutoka dukani mapema kuliko nilivyoaga. Nilikuwa nasimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia, nikijifanya natafuta kitu mkobani. Niliambulia sauti ya mama tu, chini, ikiendelea kama mtu anayesimulia ndoto, na yule mgeni akiguna mara moja moja. Nilipokohoa kukawa kimya. Basi nikaanza kumshuku na mama.

Ikafika siku ya kujaribu shiraa. Kikundi kilikuja uwanjani kwangu. Wanne waliingia ndani ya kitambaa, kwa kuwa mifuko ya fito ilikuwa ndani, na mwingine akasimama kati yao kama bibi mwenye nyumba. Wakaanza kutembea. Wakakanyagana, fito zikagongana, yule wa kati akabaki amebanwa mabegani pande zote. Walijaribu tena wakiwa wameinyoosha mikono juu, na mikono ikachoka hata hawajavuka uwanja. Wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaambia kosa ni lao, hawajui kutembea, na nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti mama aliposema kutoka kitandani:

"Si hivyo. Fito hukaa nde."

Nilimwambia apumzike. Alikuwa ameshateremsha miguu, anaitafuta sakafu. Alikwenda akishika ukuta, akachukua fito moja, akaichomoa mfukoni mwake, akaukunja ukingo wa kitambaa juu yake, akasimama nje. Mkono mmoja akauweka chini karibu na kiuno, wa pili juu usawa wa sikio, na fito akailaza kidogo begani ili uzito uende mwilini.

"Mkono huu tini, huu yuu," akawaambia. "Hivi huchoki. Na uso usiutie ndani. Mwenye kushika hatazami ndani, yuwatazama ndia."

Akatembea. Wale wengine watatu wakatoka nje ya kitambaa, wakamwiga, na shiraa ikasimama wima ikavuka uwanja bila kuyumba, na yule wa kati akawa na nafasi ya kupiga hatua. Hapo ndipo nilipoona kosa langu la kushona. Nilikuwa nimeikata shiraa kama mtu anayeiona kutoka ndani. Haikunijia hata mara moja kwamba kulikuwa na nje, na kwamba huko nje ndiko tulikokuwa sisi. Nikaona na jingine lililoniuma zaidi. Aliyekuwa ndani hakuonekana na mtu. Waliokuwa nje walionekana na mji mzima, nyuso zao wazi, kila walipopita.

Nilipogeuka nilimwona mamake kijana amesimama penye mlango wa uwanja, ana kifurushi cha hariri kwapani. Sijui alipiga hodi saa ngapi. Na upande wa pili yule kiongozi alikuwa ameinua simu yake usawa wa uso.

"Mashaallah," alisema mamake kijana. "Bi mkubwa bado ana nguvu."

Aliweka kifurushi juu ya cherehani, akasema ana haraka. Hakunywa chai. Siku zote hunywa chai.

Zikafuata siku ambazo nilishuku kila kitu. Mwenye duka la uzi alinijibu salamu kwa kifupi, nikajua amesikia. Jirani alinijibu kwa kirefu, nikajua amesikia. Niliifungua ile hariri nikaikagua pindo hadi pindo, kana kwamba mtu anaweza kuficha dharau ndani ya kitambaa. Hakuja mtu kutoka kwao wala hakukuja ujumbe. Nilimpigia simu binti yangu huko Faza, nikamwuliza kama mchumba wake amempigia. Akasema wanapigiana kila siku, kuna nini? Nikasema hakuna.

Mwishowe nilikwenda walikofikia wale wageni. Nilimkuta kiongozi ameanika nguo zake darini, juu ya nyumba. Nilimwambia afute picha aliyompiga mama yangu, na kama anakusudia kuionyesha siku ya ufunguzi, basi nguo zangu atazipata zimechanwa. Nilisema mengi. Nilimwambia watu kama yeye hutujia na upole wao na viatu vyao mkononi, wakachukua walichokifuata, na sisi ndio tunaobaki hapa kukitazama kila siku. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mama, hiyo si yangu kufuta," alisema. "Ni ya mama mzee. Lakini kama unataka, futa wewe."

Akaifungua simu akanipa. Haikuwa picha moja. Zilikuwa nyingi, picha za video za asubuhi baada ya asubuhi, na katika kila moja mama yangu ameketi kwenye kitanda chake cha kamba, mtandio umemshuka shingoni, anasimulia. Sikuisikia sauti, niliogopa kuiwasha. Nilitazama midomo yake tu. Sikumbuki lini niliwahi kumwona mama akizungumza na mtu kwa muda mrefu hivyo. Nikamrudishia simu yake. Hadi leo sijui kama alinipa kwa kuwa ni mwaminifu au kwa kuwa alijua fika kwamba sitafuta.

Nyumbani nilimsimamia mama kitandani. Nilimwuliza ni nani aliyemwita nani. Akasema yeye ndiye aliyemwita yule mwanamke, siku ile ya kwanza, aliposikia swali lake kuhusu nguo za washika fito na jibu langu kwamba sijui. Nilimkumbusha mjukuu wake, posa na kufu. Nilimwambia anataka kutuvua nguo mbele ya watu. Mama alinyoosha upindo wa kanga yake magotini kwanza, kisha ndipo akajibu.

"Bibi yangu alinilea. Alinifunza kushika fito kwa mti wa ufagio, papa hapa, nami nateka meno nde, nadhani ni mchezo. Kila tukisoma khitma mwawataya wafu wetu wote. Yeye mwamruka."

Ni kweli. Kwetu khitma ikisomwa mwalimu hupewa majina ya marehemu wa nyumba, fulani binti fulani, awaombee mmoja mmoja. Yeye hakuwa na jina la baba ambalo mtu alilijua, na kumtaja nusu kungewafanya watu waulize, basi jina lake halikutolewa, tangu enzi za watu walionitangulia. Sikuwahi kulifikiria. Nilipokea orodha ya wafu kama nilivyoipokea nyumba, na vyumba vyake vilivyofungwa.

"Mimi ni mwenda ndia," mama akaendelea. "Nikiondoka hapana wa kumtaya. Siku hiyo ya maonyesho fito moja nitaishika mimi."

Kesho yake mamake kijana aliniita kwao. Nilivaa buibui langu zuri. Alinipokea vizuri mno, chumba cha ndani, halua na kahawa, akauliza hali ya kila mtu nyumbani kwangu, na kila alipouliza nilikuwa nikisubiri lije lile aliloniitia. Likaja akinijazia kikombe, kwa sauti ile ile ya kuulizia hali.

"Sisi twajua, ndugu yangu. Katika mui huu hapana nyumba isiyojua. Nilijua nilipokuja kuposa. Likiwa kimya naweza kukaa nalo. Likisemwa mbele ya watu, siwezi kujifanya sikusikia."

Nilimeza kahawa ikaniunguza. Miaka yote ile nilikuwa nikilinda mlango uliokuwa wazi, na watu walikuwa wakipita wakinitazama nilivyosimama hapo kwa bidii. Niliona haya, na nyuma ya haya nikaona hasira, lakini sikujua bado hasira hiyo ni ya nani. Nikamwambia nimemsikia. Akasema alijua mimi ni mtu mwenye akili.

Binti yangu alifika Ijumaa. Nilimweleza yote: bibi wa bibi yake, simu ya mgeni, fito, kahawa ya mkwewe. Nilingoja alie au amkasirikie bibi yake, nipate wa kunisaidia kumzuia. Alisikiliza huku akizungusha kikombe, akauliza jina la yule bibi aliyekuwa akirukwa. Nikamwambia. Akalirudia mara moja, kisha akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na kwa muda mrefu nikamsikia akizungumza kwenye simu kwa sauti ambayo sikuweza kuikamata. Alipotoka hakuniambia chochote. Nikamshuku na yeye.

Nilimwuliza mama washika fito walivaa nini. Akasema kaniki, nini tena? Kaniki, ile nguo ya buluu iliyokolea hadi ikakaribia weusi, iliyofungwa chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa hakina kitu. Nilikwenda nikainunua. Yale magauni ya kanga niliyafumua. Mifuko ya fito niliifumua nikaihamishia nje. Kwa ajili ya mama niliongeza kitambaa cha mabegani, kwa kuwa ni mtu mzima na ni mwanamke wa heshima, na yeye akakubali hilo lakini akaukataa ushungi. Nilimpima kifua na kiuno akiwa ameshika nguzo, na nikaona jinsi mwili wake ulivyopungua. Sikuwa nimeamua kitu. Nilijiambia hata nguo ikiwa tayari mtu anaweza asiivae. Nilishona kwa hasira, na sijawahi kushona vizuri hivyo.

Ufunguzi ulikuwa baada ya sala ya alasiri. Ukumbi ulijaa. Walikuja walimu, maafisa, wake kwa waume wa mtaani, wafanyabiashara wa bara wenye maduka yao, na waliokuja kwa sababu wengine wamekuja. Mamake kijana aliketi mbele na dada yake, mikono juu ya mkoba. Nilimsalimia, akaniitikia kwa tabasamu. Alidhani nimelimaliza lile jambo.

Katika chumba cha kuvalia mama aliinua mikono nimfunge kaniki. Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza kusema, na nadhani kama ningeweza ningemwomba tena. Binti yangu alikuwepo, anamsaidia bibi yake kuvua vikuku. Kiongozi alichungulia akauliza kama tuko tayari. Mama akamjibu yeye, si mimi.

Walitoka wanne, mama na wengine watatu, shiraa juu, nami nikasimama pembeni mwa mlango. Kiongozi alikuwa amemwondoa yule wa kati. Ndani ya kitambaa hapakuwa na mtu. Walitembea polepole, mkono mmoja chini, mmoja juu, nyuso zinatazama mbele. Mwanzoni watu walidhani ni mchezo wa wageni. Kisha wakamtambua mama yangu. Nilisikia minong'ono ikianza nyuma na kusonga mbele safu kwa safu, na nilipotarajia iongezeke ikakatika. Kulikuwa na miguu yao tu sakafuni. Nilimtazama mamake kijana. Alikuwa akiutazama mkoba wake.

Katikati ya ukumbi mama alisimama. Hilo halikuwa katika mpango. Wale watatu walisimama kwa kushtuka, na kitambaa kikatikisika. Mama akasema jina la bibi yake. Jina peke yake, bila la baba, kwa sauti ya mtu anayeita kutoka uwanjani. Akasema huyo ndiye aliyemlea, na alikuwa kijakazi wa Amu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na ukumbi mzima ukaitikia amin.

Hakuna aliyepanga. Kwetu akitajwa maiti na kuombewa rehema, ulimi huitika wenyewe, hata kama ulikuwa ukizozana na marehemu. Wazee waliitika, waliokuwa mlangoni wakaitika, askari aliyekuwa akilinda ngazi akaitika. Niliiona midomo ya mamake kijana ikitikisika pia, na nikamwona alivyoifumba haraka baada ya kuwa imeshasema. Mama akainua fito yake. Wakaendelea na mwendo mpaka ukutani.

Nililia. Sikulia kwa huzuni wala kwa furaha, nililia kama mtu aliyetua mzigo mzito.

Watu walipoanza kwenda kwenye sharubati, mamake kijana alinivuta kando karibu na kabati la vioo. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo mahali ambapo watu wa kwao huiweka. Alinishika kiganja. Akasema harusi iko pale pale, kijana wake hataki kusikia jingine na yeye hawezi kumvunja moyo. Lakini kuna jambo dogo.

"Siku ya kumtoa bibi harusi mbele ya watu, mamako na akae nyumbani. Tutasema ni magoti."

Alilisema kwa huruma. Alikuwa ameshanitafutia na kisingizio. Nikamwomba anisubiri barazani, nikaingia chumba cha kuvalia.

Mama alikuwa kitini, amechoka, macho ameyafumba. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele yake akichomoa pini nilizomtia, moja moja, akizichomeka kwenye mkono wa nguo yake mwenyewe. Nilisimama nikatafuta namna ya kulisema jambo lile bila mama kusikia. Haikupatikana, basi nikalisema kama nilivyoambiwa, harusi na magoti na yote. Nilimtazama binti yangu usoni nikitafuta anachokificha, kama nilivyomtazama kila mtu tangu wageni wale walipovua viatu mlangoni kwangu. Hakuwa amekificha kitu. Alimaliza pini aliyokuwa nayo.

"Nishamwambia mwenyewe tangu Ijumaa," alisema. "Akitaka kuoa kwetu, ataoa kwetu sote. Mamake mwambie, bibi akikaa nyumbani, nasi hatuyi."

Mama alifumbua macho, akamwangalia mjukuu wake, akayafumba tena. Nikatoka. Mamake kijana alikuwa barazani na dada yake, na mbele yao watu wamejaa na bilauri zao za sharubati. Nilimwambia alivyosema binti yangu, neno kwa neno, na sikupunguza sauti.